Watoto wa Askari wa Keya na Malalamiko Yaliyovuka Mipaka

Katika kambi nyingi za askari, chini ya kitanda huwapo sanduku la bati lenye karatasi za jamaa: kadi za kliniki za watoto, barua ya uhamisho wa baba, stakabadhi za karo, na picha mbili tatu za harusi. Aghalabu cheti cha kuzaliwa cha mtoto mmoja hakimo. Mtoto huyo alizaliwa baba akiwa safarini kikazi, au kikosi kilikuwa kikihama, siku zikapita, na mama akajiambia kwamba mtoto angali mdogo, hapana haraka. Karatasi ya namna hiyo, na uraia unaoambatana nayo, ndiyo iliyowafikisha watoto wa Wanubi wa Kenya mbele ya baraza la Afrika nzima. Habari yao yastahili kujulikana katika kila nyumba ya askari, kwa sababu watoto hao wenyewe ni uzao wa askari.

Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwaandikisha, karibu na Ziwa Albert, askari wa Kisudani waliosalia huko baada ya Emin Pasha kuondoka. Hao na wenzao walitumika katika jeshi la Uganda, na tangu mwaka 1902 katika King's African Rifles, jeshi ambalo wazee hulikumbuka kwa jina la Keya. Vizazi vyao vilipigana katika vita vikuu viwili vya dunia. Walipomaliza utumishi hawakurudishwa Sudan. Nchini Uganda wengi walijenga Bombo, na Katiba ya Uganda huwataja Wanubi miongoni mwa jamii za wenyeji wa nchi. Nchini Kenya serikali ya kikoloni iliwakalisha kando ya Nairobi, mahali walipopaita Kibra, yaani msitu. Leo hujulikana zaidi kama Kibera.

Uhuru wa Kenya ulipofika mwaka 1963, hadhi ya Wanubi haikuwekwa wazi. Kwa muda mrefu walichukuliwa kama wageni wasio na kabila wala wilaya yao. Kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18 na kuomba kitambulisho hakuandikishwa tu kama jirani yake. Aliitwa mbele ya kamati ya uchunguzi, akatakiwa alete karatasi za baba, na pengine za babu, aeleze ukoo wake, kisha angoje. Asiye na kitambulisho hapati kazi ya serikali, hafungui akaunti benki, wala hapigi kura. Taabu hiyo iliwarudia watoto: mzazi asiye na kitambulisho alipata shida kumwandikisha mtoto wake, na hata aliyepewa cheti cha kuzaliwa hakuwa amepata uthibitisho wa uraia. Hivyo mtoto alikua miaka 18 bila kujua kama nchi aliyozaliwa ni yake.

Wazee wa Kinubi walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2003. Miaka ikapita bila kiini cha shauri kusikilizwa. Ndipo mwaka 2009 vyama viwili vya wanasheria, kimoja chenye makao yake Banjul nchini Gambia na kingine New York, vikapeleka malalamiko kwa niaba ya watoto kwenye Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto.

Kamati hiyo ina wajumbe 11 na iliundwa na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao ulipitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika mwaka 1999. Uganda iliuridhia mwaka 1994, na Kenya mwaka 2000. Kifungu cha 44 chaeleza ni nani awezaye kulalamika: mtu ye yote, kundi la watu, chama kinachotambuliwa na Umoja wa Afrika, nchi mwanachama, au Umoja wa Mataifa. Mlalamikaji hutaja jina na anwani yake, na habari zake hutunzwa kwa siri. Yafaa ifahamike kwamba malalamiko hayo huelekezwa kwa Serikali iliyotia sahihi, si kwa mtu mmoja mmoja. Jirani ampigaye mtoto hashtakiwi huko. Serikali iliyoarifiwa ikakaa kimya ndiyo iulizwayo.

Kuna sharti moja ambalo huwashinda wengi. Mlalamikaji hana budi kwanza kupita mahakama za nchi yake mpaka mwisho. Sharti hili lina maana, kwani hakuna nyumba ambayo watoto wake hukimbilia kwa jirani kabla ya kumwambia baba. Lakini baba akinyamaza miaka sita, je, mtoto aendelee kungoja mlangoni? Kamati ilijibu swali hilo katika uamuzi wake wa tarehe 22 Machi, 2011, ikiwa imekwisha kupita karne nzima tangu askari wale kufika. Ilisema kwamba mwaka mmoja ni karibu asilimia sita ya utoto wote wa mtu, na kwamba mahakama ikichelewa kupita kiasi, sharti la kungoja huondoka.

Hesabu hiyo ni rahisi, nayo ni nzito. Mtu mzima aliyengoja kiinua mgongo miaka minane atakuwa na hasira, lakini bado atakuwa yeye yule mstaafu. Mtoto wa miaka kumi akingoja miaka minane si mtoto tena. Haki aliyoidai, ya kuandikishwa, ya kusoma, ya kutibiwa, haina tena wa kuipokea.

Kamati iliona kwamba Kenya imevunja haki ya watoto wa Kinubi ya kuandikishwa na kuwa na uraia tangu kuzaliwa, na kwamba walibaguliwa. Iliona pia kwamba ubaguzi huo uliwapunguzia shule na matibabu. Serikali ilitakiwa kurekebisha sheria na taratibu za uandikishaji, na kuleta taarifa katika muda wa miezi sita. Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza wa Kamati katika shauri lo lote.

Hapa ndipo udhaifu wa mabaraza haya unapojitokeza. Kamati haina askari wala dalali wa mahakama. Ikitoa uamuzi, hutegemea barua, ziara na heshima ya Serikali kwa sahihi yake yenyewe. Miaka mingi baada ya 2011, vijana wa Kinubi waliendelea kulalamikia uchunguzi wa ukoo wao. Malalamiko ya wazee, yaliyopelekwa kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu mwaka 2006, yaliamuliwa mwaka 2015. Hati ya ekari 288 za Kibera walikabidhiwa mwaka 2017. Mtoto aliyezaliwa siku shauri la Nairobi lilipofunguliwa alikuwa na miaka 14.

Uganda nayo ina shauri lake, na hilo lawagusa wanajeshi moja kwa moja. Malalamiko ya kwanza kabisa kupelekwa kwenye Kamati, mwaka 2005, yalihusu watoto wa kaskazini mwa Uganda wakati wa vita na waasi wa Joseph Kony. Kila mtu ajua kwamba waasi hao waliteka watoto kwa maelfu. Lakini waasi hawakutia sahihi mkataba wo wote. Serikali ndiyo iliyotia, kwa hiyo Serikali ndiyo iliyojibu. Uamuzi ulitolewa mwaka 2013, baada ya miaka minane. Kamati haikukubali madai yote ya walalamikaji, lakini iliona kwamba Kifungu cha 22, kinachokataza watoto kutumiwa vitani, kilikuwa kimevunjwa. Sheria ya Jeshi ya mwaka 2005 imeweka wazi kwamba asiyetimiza miaka 18 haandikishwi. Ofisa anayepokea vijana wapya, akiona cheti chenye tarehe iliyofutwa na kuandikwa upya, basi ana sababu kubwa ya kuuliza zaidi. Vivyo hivyo mtoto apatikanaye katika mapigano mahali pake ni kwa wahusika wa ustawi wa watoto, si kubeba mizigo ya kikosi kwa sababu anazijua njia za porini.

Upo pia mlango wa Geneva. Itifaki ya Umoja wa Mataifa inayowaruhusu watoto kulalamika ilipitishwa mwaka 2011 na kuanza kutumika mwezi wa Aprili, 2014, lakini inahusu nchi zilizoiridhia peke yake, hata kama nchi imekwisha kuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Malalamiko yapaswa kufika ndani ya mwaka mmoja baada ya njia za nyumbani kwisha. Mwaka 2018 Kamati ya Geneva ilimlinda binti mdogo wa mama Msomali, ambaye Denmark ilitaka kumrudisha Puntland ambako angeweza kukeketwa. Shauri hilo lilionyesha kwamba baraza likiwahi, mtoto huokolewa kabla ya kudhurika. Mashauri mengi hayana bahati hiyo.

Ikiwa mabaraza haya yataimarishwa, basi yaanzie kwenye saa na kalenda. Kamati ya Afrika, ambayo ofisi yake sasa iko Maseru nchini Lesotho, hukutana kwa vikao vya kawaida mara mbili tu kwa mwaka, na wajumbe wake wana kazi nyingine makwao. Serikali zipewe muda wa kujibu usioongezwa ovyo, na uamuzi ukishatolewa awepo mtu wa kuufuatilia mpaka kijijini. Tena lugha ya fomu iwe ile ambayo mama wa kambini aweza kuisoma bila kukodi wakili.

Lakini faili ya shauri kubwa huanza na kipande cha karatasi kituoni. Nchini Uganda mjumbe mmoja wa baraza la kijiji amekabidhiwa mambo ya watoto, polisi wana kitengo cha kulinda watoto na jamaa, na simu ya watoto ni 116. Apelekaye habari aombe namba ya kumbukumbu, aandike tarehe na jina la aliyempokea, na akirudishwa bila jibu aandike hilo pia, maana siku moja atatakiwa kuthibitisha kwamba alibisha hodi nyumbani kabla ya kutoka nje. Karatasi hizo hukaa salama katika sanduku lile lile la bati, zikiwa zimefungwa ndani ya nailoni, kwa kuwa nyumba nyingi za kambi huvuja wakati wa masika.