Kometi ya Encke: Kwa nini iliwahi kuliko hesabu

NYOTA yenye mkia, au kometi, iitwayo Encke hulizunguka jua kwa miaka 3.3 tu, muda mfupi mno ukilinganishwa na kometi ya Halley ambayo huhitaji takriban miaka 76. Hata hivyo, kilichowasumbua wanafalaki kwa zaidi ya karne moja si ufupi wa safari hiyo, bali ni tabia yake ya kurejea mapema kuliko hesabu zilivyotaka.

Kometi hiyo ilionwa mara nne kabla ya kufahamika kuwa ni ile ile moja. Mfaransa Pierre Méchain aliiona mwaka 1786, Caroline Herschel akaiona huko Uingereza mwaka 1795, na Jean-Louis Pons pamoja na wengine mwaka 1805. Kila mara ilidhaniwa kuwa mpya. Novemba 1818 Pons, ambaye aliingia katika kituo cha falaki cha Marseille akiwa bawabu, aliiona tena.

Aliyefumbua fumbo hakuwa na darubini mbele yake, bali kalamu na karatasi. Mjerumani Johann Franz Encke alikokotoa njia yake, akagundua kuwa wageni wote wanne walikuwa mmoja, kisha akatabiri kuwa ingelipita jua kwa karibu Mei 1822. Ulaya haikuweza kuiona safari hiyo, kwani ilikuwa katika anga la kusini. Juni 2, 1822, Carl Rümker aliiona kutoka Parramatta, Australia. Ilikuwa kometi ya pili, baada ya Halley, kurejea kama ilivyotabiriwa. Ikapewa jina la mkokotoaji, ingawa yeye mwenyewe aliendelea kuiita kometi ya Pons.

Ndipo shida ilipoanza. Hata baada ya kuhesabu mvuto wa Mshtarii na sayari nyingine, kometi iliwahi kwa takriban saa mbili na nusu katika kila mzunguko. Encke aliamini kuwa anga limejaa kitu chepesi kinachoizuia. Msomaji anaweza kushangaa: kinachozuiwa kinawahije? Jibu ni kwamba kometi ikipunguziwa nguvu, njia yake husinyaa, na mzunguko mdogo humalizika upesi.

Maelezo hayo yaliaminiwa na wengi, lakini yalikuwa na kasoro. Kitu hicho kingeziwahisha kometi zote, ilhali Halley huchelewa kwa siku zipatazo nne.

Mwaka 1950 Mmarekani Fred Whipple alieleza kuwa kiini cha kometi ni bonge la barafu lililochanganyika na vumbi. Joto la jua huigeuza barafu kuwa gesi, nayo hufumka na kukisukuma kiini upande wa pili, mfano wa puto lililoachiwa likiwa wazi mdomo. Kwa kuwa kiini hujizungusha, gesi nyingi hutoka upande uliokwisha kulipita jua kidogo, kama ambavyo joto kali hapa duniani huja baada ya saa sita mchana. Hivyo msukumo huwa wa kando. Kiini kikijizungusha upande mmoja husukumwa mbele. Kikijizungusha upande mwingine huzuiwa, na ndivyo ilivyokuwa kwa Encke. Mwaka 1986 chombo cha Ulaya, Giotto, kilipiga picha za kiini cha Halley kikitoa michirizi ya gesi na vumbi.

Encke hulikaribia jua kwa kilomita milioni 50 hivi, ndani ya njia ya Utaridi, kisha huenda umbali wa kilomita milioni 610 bila kufikia njia ya Mshtarii. Vumbi lake huhusishwa na vimondo vya Taurid vya Oktoba na Novemba. Baada ya kulipita jua Oktoba 2023, hesabu, ambazo sasa hujumuisha msukumo wa gesi, zinaonyesha kuwa zamu inayofuata ni Februari 2027.