Simu ya Kikundi ni Duka: Namba Iwe Yetu, Picha Iseme Kweli



Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini kikapu kizuri kikikaa ndani ya boma kando ya mto Turkwel, nani atakiona? Mama akikibeba hadi soko la Lodwar, anakaa kwa jua siku nzima, na pengine jioni anarudi nacho. Picha ya kikapu hicho hicho inaweza kufika Kakuma, Kitale hata Nairobi kabla chai haijachemka. Ndiyo maana vikundi vinatuuliza: tufanyeje ili WhatsApp na Facebook zituletee wateja, si kutumalizia bando tu?

Kabla ya kujibu, tuwaeleze yaliyokipata kikundi kimoja cha akina mama tunachokijua. Wao husuka vikapu vya majani ya mkoma. Kijana wa mmoja wao alikuwa na simu kubwa. Akapiga picha, akaziweka kwa Facebook kwa jina lake na namba yake. Wateja wakaja, na kwa miezi kadhaa mambo yalikuwa mazuri. Kisha kijana akapata kazi mbali, akaenda na simu yake. Wateja waliendelea kupiga namba ile ile, wakaambiwa, "Mimi siko huko tena." Akina mama wakabaki na vikapu, bila hata namba moja ya mteja. Kijana hakuiba kitu. Sisi wenyewe tulipowatembelea tulisifu picha, hatukuuliza namba ni ya nani. Kwa hivyo somo hili ni letu pia.

1. Namba iwe ya kikundi

Mteja wa mbali haijui nyumba yenu. Anajua namba tu. Nunueni laini moja ya kazi. Isajiliwe kwa jina la mwanakikundi mliyemchagua kwenye mkutano, na jambo hilo liandikwe katika kitabu cha kikundi. Watu wawili wajue kuitumia, ili mmoja akiugua au akisafiri duka lisifungwe. Jina na namba ya kila mteja ziandikwe pia kwa daftari. Simu huanguka majini, daftari linabaki.

Wekeni WhatsApp Business, ambayo ilitoka mwaka 2018 na kuipata ni bure. Ndani yake mnaweza kupanga bidhaa zenu kwa picha na bei, na kuandika saa zenu za kazi. Mkitumiwa namba sita za siri za kufungulia WhatsApp, msimpe mtu yeyote, hata akisema yeye ni wa kampuni. Anayezipata anaweza kuchukua duka lenu lote.

2. Picha iseme kweli

Sokoni mteja hushika kikapu, akakigeuza, akavuta mkono wake aone kama kimeshonwa sawasawa. Kwa simu hawezi. Kwa hivyo picha na maneno yenu ndiyo mikono yake. Pigeni picha asubuhi mapema au jioni, wakati jua si kali, juu ya mkeka safi. Wekeni chupa ya maji kando ya kikapu ili ukubwa uonekane, kisha andikeni upana na kimo kwa sentimita, bei, na kama usafiri umehesabiwa ndani au la. Rangi ikitofautiana kidogo, semeni. Msichukue picha ya kikapu cha wengine mkasema ni chenu. Mteja aliyedanganywa harudi, na huwaambia wenzake.

Mkipiga picha ya mama akisuka, muulizeni kwanza kama anakubali sura yake ionwe na watu wasiomjua.

3. Anzeni na wa karibu

Wengi hufikiria Ulaya kabla ya Kakuma. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita karibu 120. Kambi ilianza mwaka 1992, na ripoti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, iliyotoka mwaka 2018 ilionyesha kwamba eneo hilo lilikuwa na biashara zaidi ya 2,000. Hilo ni soko! Lakini anayetaka samaki mkavu wa ziwani au mbuzi hatafuti kikapu cha pambo. Mwenye hoteli mjini anataka kikapu cha kuwekea mkate. Mgeni wa Nairobi anataka cha kutundika ukutani. Tumeni kwa kila mtu picha inayomhusu. Msiwatumie wote picha hamsini kila siku, watachoka na kuwafungia.

Na yule mama asiyejua kusoma? Asiachwe nyuma. WhatsApp hutuma sauti. Anaweza kueleza bei kwa Kiswahili au Kiturkana, na mteja akamsikia mwenyewe. Sauti ya msukaji huuza kuliko maneno matamu.

4. Jibuni, na mkichelewa semeni sababu

Kama kwenu mtandao unapatikana kwenye kilima tu, andikeni wazi: "Tunajibu kila siku saa kumi jioni." Mteja atangoja. Asiyeambiwa kitu hangoji.

5. Pesa kwanza kwa akaunti, ndipo mzigo uende

Kuna watu hutuma ujumbe wa uongo unaofanana na wa M-Pesa. Msiangalie ujumbe tu, angalieni salio. Kwa oda kubwa ombeni nusu kabla ya kusuka, na nyingine kabla mzigo haujapanda gari. Nambari ya siri ya M-Pesa haiombwi na mteja wa kweli.

Pigeni hesabu pia. Tuseme kikapu kinauzwa shilingi 800. Majani na rangi ni 200, usafiri 150, bando 20. Zinabaki 430. Kama kilichukua siku tatu, msukaji anapata kama shilingi 143 kwa siku. Je, inatosha? Kama haitoshi, bei ipande au kazi ibadilike. Simu haitengenezi faida pale ambapo hesabu haipo.

Tukimalizia, tunarudi kwa wale akina mama. Walinunua laini yao. Wateja wa kwanza hawakurudi wote, lakini wanaopiga sasa wanajibiwa na kikundi.

Maswali ya kujadiliana mkutanoni

- Namba tunayotumia ni ya nani? Akiondoka leo, tutabaki na nini?
- Ni nani wawili watakaoishika simu, na watatoa hesabu lini?
- Picha yetu ya mwisho ilionyesha ukubwa na bei?
- Mteja wetu wa karibu ni nani, na anahitaji nini?