Ukinunua boti iliyotumika: mambo ya kukagua kabla hujatoa pesa

Malipo ya tumbaku yakishaingia, mazungumzo ya vikundi vingi hapa Isikizya na vijiji jirani vya Uyui huwa ni yale yale: pesa hii tuizungushie wapi? Wapo wanaotaka bodaboda, wapo wanaotaka mashine ya kukoboa. Na wapo wanaotazama magharibi, mwisho wa reli, wakiwaza dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika. Hao ndio wanaotuuliza: boti mpya hatuiwezi, je, iliyotumika tuinunue vipi bila kupigwa?

Ni swali zito. Pesa ya kikundi ni jasho la watu kumi au ishirini, na injini ikizimika katikati ya ziwa usiku, kinachobaki hatarini si pesa tena. Kwa hiyo tumeeleza hapa hatua kwa hatua. Neno letu kubwa ni moja: katika boti iliyotumika hununui rangi wala umri, unanunua matunzo. Kazi yako ni kugundua ilitunzwaje.

Funzo kutoka kwa Liemba

Meli ya MV Liemba ni chombo kilichotumika kuliko vyote tunavyovijua kwenye ziwa lile. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha na kusafirishwa hadi Kigoma kwa njia ya reli ya kati, ile ile inayopita Tabora. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen. Julai 1916, vita vilipowazidi Wajerumani, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili isitekwe.

Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoinua meli mwaka 1924, ikiwa imekaa majini miaka mingi, mitambo ilifaa kutengenezwa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Meli iliyolala chini ya maji ilifufuka kwa sababu mtu aliijali kabla ya kuiacha. Kinyume chake pia ni kweli: injini ya miaka mitatu iliyoendeshwa bila oili ya kutosha inaweza kuwa chuma chakavu, hata kama iliyopakwa rangi jana.

Kwanza jua unaipeleka maji gani

Kabla ya kutafuta boti, kubalianeni kazi yake na mahali pake.

Kwa bwawa dogo, mara nyingi mtumbwi wa kasia unatosha, na injini ni gharama ya bure. Tena mabwawa mengine ni ya maji ya kunywa, kama Igombe lililojengwa kwa ajili ya mji wa Tabora. Huko usipeleke chombo chochote kabla ya kuuliza wanaolisimamia. Kwa Mto Ugalla, kumbuka kwamba sehemu yake kubwa ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019. Usinunue boti kwa kutegemea uvuvi wa biashara ndani ya hifadhi.

Ziwa Tanganyika ni jambo jingine. Kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa. Huko kunatakiwa boti yenye kuta za kutosha na injini unayoiamini.

Kwenye simu utakutana pia na matangazo ya boti za kupendeza za faiba kutoka ng'ambo, zenye injini kubwa ndani ya tumbo la chombo. Nyingine zimetengenezwa kwa mchezo wa kuteleza juu ya wimbi: matangi yake hujazwa maji ili boti izame kidogo na kuacha wimbi kubwa nyuma, na mchezaji hulifuata akiwa amesimama kwenye ubao. Ni boti za maji tulivu na zinakunywa petroli nyingi. Hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa, kwa kubeba nyavu, samaki au abiria hiyo si boti yako.

Usimalize pesa yote kwenye bei

Kosa linaloumiza wengi ni kutoa pesa yote siku ya kununua. Sisi tunashauri hivi: katika kila shilingi 10 mlizonazo, bei ya boti na injini isizidi 6 au 7. Zinazobaki ni za matengenezo ya mwanzo, kamba na nanga, jaketi okozi kwa kila anayepanda, ukaguzi, leseni, nauli, na petroli ya safari za kwanza.

Pigeni hesabu ya petroli mapema. Injini ndogo ya nguvu farasi 15, ya aina inayochanganywa petroli na oili, ikikazwa hadi mwisho hunywa kama lita 6 hadi 8 kwa saa. Ya nguvu farasi 40 hukaribia lita 20. Kikundi kinachonunua injini kubwa kwa sababu tu imepatikana kwa bei nzuri huja kushangaa kwamba samaki wote wanaishia kituo cha mafuta.

Hesabuni pia miezi isiyo na kazi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Kama mmekopa ili kununua boti, ulizeni marejesho yatatoka wapi katika miezi kama hiyo. Kabla ya kulipa, mwulizeni ofisa uvuvi wa eneo hilo kuhusu ratiba ya mwaka huu.

Kukagua mwili wa boti

Nenda asubuhi, kwenye mwanga. Beba kisu kidogo, tochi na kitambaa. Omba boti itolewe mizigo yote na mbao za kukanyagia ziinuliwe, maana ubovu hujificha chini yake.

Kwa boti ya mbao, anza na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote. Kisha pita kwenye mataruma, yaani mbavu zake, halafu maungio ya mbao. Choma taratibu kwa ncha ya kisu. Mbao ngumu kama mninga au mvule ikiwa nzima hukataa kisu. Ikiingia kama kwenye muhogo uliochemka, imeoza. Ukiona michirizi myekundu chini ya vichwa vya misumari, misumari inaliwa na kutu. Ubao mmoja mbovu hubadilishwa, lakini mkuku ukioza ni sawa na kujenga boti upya.

Sehemu ya pili ya kuitazama kwa makini ni ubao wa nyuma unaobeba injini. Huo ndio unaotikiswa saa zote. Shika injini kwa juu, isukume na kuivuta. Ubao ukicheza au ukitoa mlio, kuna kazi. Injini nyingi zimezama kwa sababu ubao huu uliachia.

Kwa boti ya faiba, gonga taratibu kwa mpini wa kisu kuanzia mbele hadi nyuma. Mlio mkavu, unaofanana kila mahali, ni dalili nzuri. Ukifika mahali mlio unadoda kama ukuta wenye unyevu, huenda maji yameingia ndani. Nyufa ndogo za juu ni za kawaida. Nyufa zinazotoka kwenye kona au karibu na injini uliza zilitokana na nini.

Jihadhari na rangi mpya. Si kila anayepaka rangi anaficha kitu, lakini mwulize muuzaji kwa upole: mzee wangu, chini ya rangi hii kulikuwa na nini?

Mwisho, boti ilale majini usiku mmoja ikiwa tupu. Boti ya mbao iliyokaa juani itavuja mwanzoni, kwa kuwa mbao zimekauka, na baada ya saa kadhaa zitavimba na kujibana. Kwa hiyo mwaga maji ya mwanzo jioni, kisha upime yatakayoingia hadi asubuhi. Ndoo moja hivi ni habari ya kalafati, kuziba upya maungio. Maji yakifika kwenye mataruma, rudi nyumbani.

Kukagua injini

Hapa nendeni na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Mlipeni posho yake hata kama hamtanunua, ili asiwe na sababu ya kusifia.

Mwambie muuzaji mapema kwamba utaikuta injini ikiwa ya baridi. Iguse ukifika. Ikiwa ya moto, mtu ameiamsha kabla yako, na injini inayosumbua kuwaka ikiwa ya baridi huficha ugonjwa wake ikishapata moto.

Kabla ya kuwasha, vuta kamba polepole. Unatakiwa uhisi inakataa. Ikija kirahisi tu, pistoni na ringi zake zimechoka. Fundi mwenye kipimo apime kila silinda, na namba zikaribiane. Fungua plagi: rangi ya kahawia ni nzuri, nyeupe iliyoungua ni dalili ya joto kupita kiasi.

Kisha nenda chini kwenye mguu wa injini, kwenye skrubu ya oili ya gia. Itoe oili kidogo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia kwenye gia. Shika pangaboi na ulitikise. Shafti isiwe inacheza.

Sasa washa, boti ikiwa majini. Kuna kitundu nyuma kinachorusha maji. Hayo ni maji ya kupoozea. Yatoke kwa nguvu na bila kukatika. Yakitiririka kama chozi, pampu ya maji imechoka au njia imeziba, na injini kama hiyo huungua ikiwa mbali na nchi kavu.

Usikubali jaribio la dakika tano ukiwa umefunga kamba gatini. Pakieni watu na mifuko ya mchanga, kila mtu na jaketi okozi yake, mwende kwa nusu saa au zaidi. Jaribuni gia ya mbele, ya nyuma, mwendo wa polepole na wa kasi. Zimeni katikati ya safari, mkiwa karibu na ufukwe, kisha muwashe tena injini ikiwa ya moto. Hapo ndipo nyingi husema ukweli.

Muulize pia anachanganya oili kwa kipimo gani. Kwa injini nyingi za aina hii, oili lita 1 huingia kwenye petroli lita 50, ingawa kitabu cha injini husika ndicho cha kufuatwa. Mwenye boti anayejibu mara moja na kukuonyesha chupa ya kupimia alikuwa anaitunza. Anayesema tunakadiria tu kwa jicho, amekupa jibu la swali ambalo hukuuliza.

Karatasi na majina

Injini za boti huibwa, na mwenye nayo halali anaweza kuidai hata baada ya wewe kulipa. Tazama namba iliyogongwa kwenye injini. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka. Ikiwepo, ilinganishe na risiti, kisha uende kwenye ofisi ya BMU ya mwalo huo uulize kama wanamfahamu muuzaji na chombo chake. Watu wa mwalo hujua boti ya nani ilizama na injini ya nani ilipotea.

Omba kuona leseni ya uvuvi ya chombo na vyeti vya ukaguzi. Usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na TASAC, na masuala ya uvuvi yako kwa ofisa uvuvi wa halmashauri. Wote wawili waulizwe kabla ya malipo, wala si baada yake.

Mauziano yaandikwe, yenye namba ya injini, majina kamili, bei, tarehe na saini za mashahidi wa pande zote mbili, mbele ya mtendaji wa kijiji au mwanasheria. Na chombo kisajiliwe kwa jina la kikundi. Vikundi vingi vimegombana kwa sababu boti iliandikwa jina la mwenyekiti.

Usitume pesa ya kushikilia kwa simu kwa mtu unayemjua kwa picha tu. Boti unayoiona kwenye skrini inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa.

Mkishindwa kukubaliana

Mkikuta kasoro zinazotengenezeka, fundi azitaje moja moja na gharama zake, kisha bei ishuke kwa kiasi hicho. Inawezekana pia kununua boti kwa mtu mmoja na injini kwa mwingine. Mara nyingi mwili mzuri umebeba injini mbovu, na kinyume chake.

Na mkiona mashaka hayaishi, pandeni treni mrudi. Nauli ya kwenda na kurudi Kigoma mikono mitupu inauma, tena wenzenu watawacheka stesheni. Lakini pesa ya kikundi itakuwa bado benki, na watu wote watakuwa wamerudi nyumbani.