Fahamu: Kwa nini dhoruba moja huleta mvua, upepo na theluji
Dhoruba kubwa za majira ya baridi kaskazini-mashariki mwa Marekani huzaliwa pale hewa baridi kutoka Kanada inapokutana na hewa yenye joto na unyevu kutoka Atlantiki. Mgandamizo wa hewa hushuka haraka, na upepo huvuma kwa nguvu kutoka baharini.

Mvua au theluji? Nyuzi mbili tatu tu za joto ndizo huamua. Boston, iliyo ufukweni, inaweza kunyeshewa huku Worcester, kilomita 60 na kitu kuelekea bara, ikifunikwa na theluji. Mbaya zaidi ni mvua inayoganda ikigusa ardhi: lami huonekana imelowa, kumbe ni barafu tupu. Matawi nayo huelemewa, yakaangukia nyaya za umeme.

Umeme ukikatika ndipo hofu yangu huanza. Portland, Maine, wanaishi Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi, na jiko la mkaa tumelizoea. Nawasihi, ndugu zangu, msiliwashe ndani, wala jenereta, hata madirisha yakiwa wazi. Vyote viwili hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Gari nalo hutoa gesi hiyo: kabla ya kuliwasha, ondoeni kwanza theluji iliyoziba ekzosi.