Pigo, Kinga na Pumzi: Ulinganisho wa Mifumo ya Mapigano katika Michezo ya Video na Mafunzo Yake kwa Sera ya Kiswahili katika Mwambao wa Rumonge

Ikisiri

Mijadala kuhusu michezo ya video katika Afrika Mashariki huelekea zaidi kwenye picha za damu na silaha, na kuacha kando kanuni zinazouendesha mchezo wenyewe. Makala hii inalinganisha mifumo ya mapigano ya michezo sita kwa vigezo vinne: muda, gharama ya tendo, adhabu ya kosa, na njia ambayo mchezaji hupata maarifa. Hoja kuu ni kwamba mifumo inayofundisha kwa macho na masikio humfikia mchezaji wa lugha yoyote, ilhali mifumo inayoficha kanuni zake ndani ya maandishi humweka nje asiyeijua lugha ya maandishi hayo. Kwa kuzingatia mazingira ya Rumonge na mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, makala inaonesha kuwa Kiswahili kina msamiati wa kueleza mifumo hiyo, na inapendekeza mahali ambapo kazi ya istilahi na tafsiri ianzie.

1.0 Utangulizi

Rumonge ni mji wa bandari, uvuvi na mawese ulio takriban kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Kama ilivyo katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza jijini Bujumbura, Kiswahili kimekuwa na makao ya muda mrefu katika mji huu. Kililetwa na kudumishwa na biashara ya ziwani kati ya Ujiji, Uvira, Kalemie na pwani ya Burundi, kisha kikaongezewa nguvu na familia zilizorejea kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Mtoto wa mwambao huu huanza shule kwa Kirundi, hukutana na Kifaransa darasani, na husikia Kiswahili sokoni, bandarini na katika redio za ng'ambo ya ziwa.

Mtoto huyohuyo, anapoishika pedi ya mashine ya michezo, hukutana na lugha ambayo aghalabu si mojawapo ya hizo tatu. Suala hili limepewa nafasi ndogo katika mijadala ya sera ya lugha, labda kwa sababu mchezo huhesabiwa kuwa upuuzi wa vijana. Hata hivyo, mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999 na ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 2007, unaagiza katika kifungu cha 137 kuwa Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Mawasiliano mapana hayawezi kuishia kwenye hotuba na nyaraka. Yanapaswa kufika pale vijana wanapotumia akili zao kwa hiari.

2.0 Sura ya Mchezo na Mfumo wa Mapigano

Kabla ya kulinganisha, ni muhimu kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Sura ya mchezo ni yale yanayoonekana: damu, mavazi, silaha, mandhari. Mfumo wa mapigano ni jumla ya kanuni zinazoamua tendo lipi linawezekana, kwa muda gani, kwa gharama gani na kwa matokeo gani.

Mfano ulio wazi ni Mortal Kombat, mchezo uliotolewa na kampuni ya Midway ya Marekani mwaka 1992. Ulipoletwa majumbani mwaka 1993, toleo la mashine ya Super Nintendo lilibadilisha damu ikawa jasho la kijivu, ilhali katika toleo la mashine ya Sega damu ilionekana baada ya mchezaji kubonyeza mfuatano maalumu wa vitufe. Ghadhabu ya umma ilifikisha suala hilo katika vikao vya Seneti ya Marekani Desemba 1993, na mwaka 1994 ikaundwa ESRB, bodi inayopanga michezo kwa umri wa wachezaji. Matoleo yale mawili yalitofautiana sana kwa sura, lakini mashambulizi, kinga na kanuni za ushindi zilikuwa za mchezo mmoja.

Tofauti hii ina uzito wa pekee katika mwambao unaojadiliwa hapa. Rumonge na Nyanza-Lac zimebeba kumbukumbu za mauaji ya mwaka 1972 na za vita vilivyoanza mwaka 1993. Mzazi anayesitasita kuona mwanawe akifurahia picha za kuua ana sababu zinazostahili heshima. Hofu hiyo inahusu sura, na inapaswa kujibiwa katika ngazi ya sura. Haitoshi kutuambia kile ambacho mfumo wa mchezo unamfundisha mtoto, wala kwa nini mchezo mmoja humvutia na mwingine humshinda.

3.0 Vigezo vya Ulinganisho

Vigezo vinne vinatumika. Cha kwanza ni muda: mchezaji ana nafasi gani ya kuona, kuamua na kutenda? Cha pili ni gharama: kila pigo, kinga au mkwepo humtoza nini? Cha tatu ni adhabu: akikosea, anapoteza nini na atarudi vipi? Cha nne ni chanzo cha maarifa: kanuni hizo anazijuaje, kwa kuangalia, kusikia na kujaribu, au kwa kusoma?

4.0 Ulinganisho wa Mifumo

4.1 Ana kwa ana: Street Fighter II na Tekken

Street Fighter II, uliotolewa na Capcom mwaka 1991, uliweka msingi wa pambano la watu wawili kwenye kioo kimoja. Mchezaji hujikinga kwa kusukuma kishikio upande wa nyuma, na mapigo ya pekee hutolewa kwa kuchora njia fulani kwa kishikio kabla ya kubonyeza kitufe. Mfuatano wa mapigo, ambao leo ni uti wa mgongo wa michezo ya aina hii, haukuwa sehemu ya mpango wa awali. Watengenezaji waligundua kwamba pigo moja linaweza kuunganishwa na jingine kabla adui hajajikusanya, wakaliacha jambo hilo libaki.

Tekken, wa Namco, ulioanza mwaka 1994, ulichukua njia nyingine: vitufe vinne vikuu vinawakilisha viungo vinne, yaani mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto na mguu wa kulia. Mchezaji mgeni hahitaji maelezo. Akibonyeza ataona kiungo kikitii. Kina cha mchezo kinatokana na ngazi za mapigo. Pigo la juu humpita aliyechutama. Pigo la kati humpata aliyechutama. Pigo la chini humpata aliyesimama wima asiinamie kujikinga. Hakuna kinga moja inayotosha kwa yote matatu.

Hapa kigezo cha muda kinajieleza. Mchezo huu huonesha picha 60 kwa sekunde, na ngumi nyepesi ya wahusika wengi wa Tekken hufika katika picha ya kumi, yaani takriban sehemu moja ya sita ya sekunde. Binadamu kwa kawaida huhitaji zaidi ya muda huo kuitikia anachokiona. Kwa hiyo ngumi hiyo haikingwi kwa kuiona, bali kwa kumsoma mpinzani kabla hajaitoa. Adhabu nayo ni fupi: katika Tekken 7, kwa mpangilio wa kawaida, raundi huchukua sekunde 60 na mshindi ni anayetwaa raundi tatu. Pambano lote, hata likienda raundi tano, lina dakika tano za mapigano.

4.2 Mmoja dhidi ya wengi: Devil May Cry na Batman: Arkham Asylum

Mfululizo wa Devil May Cry, ulioanzishwa na Capcom mwaka 2001, humweka mchezaji katikati ya maadui wengi na kumpima kwa umaridadi. Herufi kwenye kioo hupanda kutoka D hadi S kadiri mashambulizi yanavyoendelea vizuri, na katika matoleo ya baadaye kurudiarudia pigo moja hupunguza alama. Ushindi pekee hautoshi; mfumo hudai ubunifu.

Batman: Arkham Asylum, wa kampuni ya Uingereza ya Rocksteady, uliotolewa mwaka 2009, ulirahisisha vitufe na kuuhamishia ugumu kwenye mdundo. Alama hung'aa juu ya kichwa cha adui anayekaribia kupiga, na mchezaji hubonyeza kitufe kimoja kumrudishia. Anayebonyeza ovyo hukatiza mfululizo wake mwenyewe. Katika michezo hii miwili mwalimu mkuu ni jicho: herufi inapanda au inashuka, alama inawaka au haiwaki.

4.3 Pumzi na mizani: Dark Souls na Sekiro

Kampuni ya Kijapani ya FromSoftware ilitoa Dark Souls mwaka 2011 na Sekiro mwaka 2019. Katika Dark Souls kila tendo lina bei. Kupiga, kubingirika na kupokea pigo kwa ngao hupunguza mstari wa kijani ambao msemaji wa Kiswahili angeuita pumzi bila kuhitaji kamusi. Pigo likishatoka halirudishwi. Mchezaji hulisubiri limalizike hata kama ameona hatari. Akifa, huacha akiba yake pale alipoangukia, na akifa tena kabla ya kuifikia, akiba hiyo hupotea moja kwa moja.

Kanuni moja muhimu ya mchezo huo, hata hivyo, haionekani waziwazi. Mhusika anayebeba mzigo usiozidi robo ya uwezo wake hubingirika kwa wepesi. Kati ya robo na nusu, kwa kasi ya wastani. Zaidi ya nusu, kwa uzito unaomfanya apigwe kwa urahisi. Tarakimu za mzigo zimo katika ukurasa wa vifaa, zikiwa na maelezo kwa maandishi. Asiyeyasoma huvaa deraya nzito akidhani inamlinda, kisha hudhani vidole vyake ni vizito.

Sekiro hufanya kinyume. Msingi wake ni mizani ya mwili: kila upanga unapokingwa kwa wakati, adui huyumba, na mizani yake ikivunjika hufungua mwanya wa pigo la kumaliza. Mashambulizi ya hatari zaidi hutanguliwa na mlio na herufi nyekundu ya Kijapani yenye maana ya hatari. Mchezaji asiyejua Kijapani huielewa baada ya kuumizwa mara chache. Herufi yenyewe haisemi afanye nini; lazima auangalie mwili wa adui. Mchomo hujibiwa kwa kuukanyaga, mfyeko wa chini kwa kuuruka, na mkamato kwa kujitenga. Maandishi yamegeuka ishara, na ishara haina haja ya mfasiri.

5.0 Jicho, Maandishi na Mazingira ya Mwambao

Ulinganisho huu unatoa mwanga kuhusu mifumo inayoweza kukaa katika miji ya ukanda wetu. Katika vibanda vya gemu mchezaji hulipia pambano au muda, wenzake husubiri zamu, na umeme unaweza kukatika wakati wowote. Pambano la dakika tano linavumilia hali hiyo. Safari ya makumi ya saa haivumilii. Aidha, anayesubiri zamu hujifunza kwa kutazama, na mifumo ya Street Fighter na Tekken hutazamika. Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba vijana huchagua pambano la ana kwa ana kwa kupenda fujo tu. Mfumo wake unalingana na kipato, umeme na lugha walizo nazo.

Wanachokosa ni ile aina nyingine ya mifumo, inayodai subira, hesabu ya gharama na kupanga mbele. Inakaa nyuma ya Kiingereza au Kifaransa. Hata Aurion: Legacy of the Kori-Odan, mchezo wa mapigano uliotolewa mwaka 2016 na Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ulimfikia Mwafrika mwenzake kwa lugha hizohizo mbili.

Msamiati si kikwazo. Kiswahili kina konde, teke, kumbo, kabali na ngwala. Kina kinga, mkwepo, chenga na mwanya. Katika kirumbizi cha Lamu, ambamo wawili hushindana kwa fimbo huku ngoma na zumari zikilia, pigo na kinga hufuata adabu inayojulikana na watazamaji wote. Dhana ya mapigano yenye kanuni, yanayofanywa kwa furaha na bila uadui, si ngeni katika utamaduni wa lugha hii. Kazi iliyobaki ni kusanifu matumizi: pumzi kwa akiba ya nguvu, mizani kwa uthabiti wa mwili, mfuatano kwa mapigo yaliyoungana, na mwanya kwa muda ambao mpinzani hawezi kujikinga.

6.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na BAKITA, BAKIZA na wataalamu wa Burundi, ikusanye istilahi za michezo kutoka kwa wachezaji wenyewe kabla ya kubuni mpya. Vijana wa Rumonge, Kigoma na Uvira tayari wanazungumza kuhusu michezo hii, na istilahi itakayopuuza mazungumzo yao itabaki kitabuni.

Pili, tafsiri ianze na kurasa za kanuni, yaani mizigo, gharama na maelezo ya vifaa, kabla ya mazungumzo ya wahusika. Mchezaji anaweza kuvumilia hadithi asiyoielewa. Kanuni asiyoielewa humfunga mlango.

Tatu, vyombo vinavyopanga michezo kwa umri vitenganishe swali la sura na swali la mfumo. La kwanza linahusu kile mtoto anachokiona, na katika mwambao wenye majeraha ya vita lina haki ya kujibiwa kwa ukali. La pili linahusu kile anachojizoeza kufanya: kusoma nia ya mwenzake, kutunza pumzi, kuusubiri mwanya. Sera inayojibu la kwanza pekee itapiga marufuku mchezo wenye mafunzo na kuruhusu usio na lolote, mradi damu yake imepakwa rangi ya kijivu.