Legio Maria: mzushi ni nani hasa?

Waumini wa kanisa la Legio Maria mjini Kisumu hujulikana kwa mbali: kanzu za rangi, vitambaa vya kichwa kwa akina mama, rozari shingoni. Wakipita, hakosekani Mkatoliki wa kuguna, "Wazushi hao." Kisheria, neno hilo mara nyingi humkosa anayerushiwa.

Kanuni ya 751 ya Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 hutenganisha makosa matatu. Uzushi ni kukana kwa ukaidi, baada ya ubatizo, kweli inayopaswa kuaminiwa. Uasi wa imani ni kuutupa Ukristo mzima. Farakano ni kukataa mamlaka ya Papa. Kufuru haimo humo: ni kumtukana Mungu, na hata mwenye imani safi anaweza kukufuru kwa hasira.

Waanzilishi wa Legio Maria, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, walianza kuvuta Wakatoliki wa Nyanza Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aoko alikuwa mama kijana aliyefiwa na watoto wawili siku moja; akasimama kuhubiri dhidi ya uchawi na kubatiza, kazi ambayo hakuna padri aliyemtuma. Wafuasi wakamwona Ondeto kuwa Masiha. Wakajiwekea Papa wao na makadinali wao, na Kilatini wakakishika katika ibada, hata Wakatoliki wenzao walipohamia Kidholuo. Kwa kipimo cha Roma, Mkatoliki aliyebatizwa akashikilia kwamba Ondeto ni Masiha alilipita farakano akafika kwenye uzushi. Adhabu yake, kutengwa na Kanisa, huja yenyewe, bila askofu kuketi kumhukumu.

Je, mjukuu wa Mkatoliki huyo aliyezaliwa na kubatizwa ndani ya Legio? Kanuni ya 11 husema sheria za Kanisa huwafunga waliobatizwa au kupokelewa katika Kanisa Katoliki. Huyu hakuwahi kuwa humo, hivyo hana alichokiasi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishaandika, Novemba 1964, kwamba wanaozaliwa katika jumuiya zilizojitenga hawashtakiwi dhambi ya utengano. Mafundisho yanaweza kuitwa potofu; kijana wa mtaa wa Nyalenda anayeyafuata si mtuhumiwa. Wanaogunia wenzao barabarani, nadhani, hawajafika ukurasa huo.

Serikali ya Kenya, kwa upande wake, iliisajili Legio Maria. Dola haikuuliza Masiha ni nani, na Katiba ya 2010 inakataza hata kuwa na dini ya taifa.

Legio nayo haikukwepa kazi ya kuamua nani yumo na nani hayumo. Aoko aliachana na Ondeto. Baada ya Ondeto kufariki mwaka 1991, ugomvi wa kiti cha upapa huko Got Kwer, Migori, uliwafikisha waumini mahakamani, mahali ambapo hakimu hufungua katiba ya kanisa hilo iliyo kwa msajili wa vyama, wala si Biblia.