Springi Hufia Kwenye Ngozi

Peugeot 504 ndefu, ile ya abiria iliyobebeshwa watu na magunia kupita kiasi katika barabara za Kenya na Uganda, ina springi nne nyuma, mbili kila upande. Ndugu yake sedani, Ove Andersson akiwa kwenye usukani, ilishinda Safari Rally mwaka 1975. Anayelifufua gari la jamii hii leo, awe Busia au Tororo, hushawishika kuanza na rangi. Aanze na kutu.

Huku bara hewa haina chumvi kama ya Mombasa, kwa hiyo kutu huja polepole. Dawa yake inayojulikana ni tindikali ya fosforiki, ambayo huigeuza kutu nyekundu kuwa fosfeti ya chuma, utando mweusi unaoshika rangi vizuri. Tindikali hiyo hutokana na mawe ya fosfeti, na vilima vya Sukulu, jirani kabisa na mji wa Tororo, vimejaa mawe hayo. Miaka ya 1960 na 1970 yaligeuzwa mbolea papo hapo.

Kwa mikono ya sasipensheni ya mbele, ambayo chuma chake ni laini, paka tindikali hiyo bila wasiwasi. Kwa springi, acha. Tindikali ikigusa chuma huachia hidrojeni, na atomi zake ndogo mno hupenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kiwe chepesi kuvunjika. Springi yaweza kukatika siku kadhaa baadaye, gari likiwa limeegeshwa tu. Itumie brashi ya waya na msasa, kisha praima na rangi. Kazi inachosha, lakini ni salama.

Ukishaisafisha, ikague kwenye mwanga. Springi inapojipinda, mkazo mkubwa huwa juu ya uso wake, si katikati. Kishimo kidogo cha kutu hukusanya mkazo huo hadi ufa uanze. Yenye vishimo vinavyokwaruza ukucha, itupe, hata ikipendeza kwa rangi. Na anayeichoma kwa gesi ili gari likae chini ajue kwamba chuma kikianza kuwa chekundu kimepita nyuzi 500 za Selsiasi. Ugumu kiliopewa kiwandani umekwisha.

Bushi za mpira za mikono nazo zisioshwe kwa petroli, maana huzivimbisha. Bolti zake zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, mpira hubaki umejisokota tangu siku ya kwanza, na huchanika mapema.